Petrichor: maana yake, matamshi yake, na namna ya kulitumia bila kukosea

Neno la Kiingereza petrichor lilizaliwa mwaka 1964 kwenye makala ya kisayansi, na kwa muda mrefu lilibaki kwa wataalamu wa miamba na udongo. Tangu lianze kuzunguka mitandaoni limebandikwa kila chenye unyevu: umande, ukungu, chumba kilichoota kuvu, hata upepo wa bahari. Karibu matumizi yote hayo ni makosa. Petrichor ni harufu inayotoka kwenye ardhi, mawe au vumbi vilivyokauka kwa muda, pale mvua inapoanza kuvigusa. Ukavu kwanza, maji baadaye. Kipande hicho cha ukavu ndicho wengi hukisahau, na ndicho kinachoamua kama neno limekaa mahali pake.

Mwongozo huu ni wa anayeandika Kiingereza, anayefasiri, au anayefundisha, na anataka kulitumia neno hili kwa uhakika.

Hatua ya 1: Livunje neno

Lina vipande viwili vya Kigiriki: petra, yaani mwamba, na ichor.

Petra tayari unaijua bila kujua kwamba unaijua. Imo ndani ya petroli, kwa kuwa petroleum maana yake ni mafuta ya mwamba. Imo pia katika jina la mtume Petro, na ndiyo maana Injili ya Mathayo inacheza na jina hilo pale inapotaja mwamba ambao kanisa litajengwa juu yake. Imo katika kitenzi petrify, kugeuka jiwe au kuganda kwa hofu.

Ichor inahitaji uangalifu zaidi. Katika hekaya za Wagiriki ni majimaji yaliyotembea kwenye mishipa ya miungu badala ya damu. Katika kitabu cha tano cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, shujaa Diomedes anamjeruhi mungu wa kike Aphrodite mkononi, na kinachomtoka ni ichor. Baadaye Kiingereza cha madaktari kililichukua neno hilohilo likawa na maana ya majimaji yanayovuja kwenye kidonda kibichi. Kwa hiyo usijaribu kulifupisha petrichor ukaandika ichor peke yake ukitumaini msomaji atawaza mvua. Atawaza usaha.

Waliounganisha vipande hivyo ni watafiti wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliokuwa wakifanya kazi katika CSIRO, taasisi ya sayansi ya Australia, na makala yao ilitoka katika jarida la Nature. Kabla yao wataalamu wa madini walikuwa wakisema argillaceous odour, yaani harufu ya udongo wa mfinyanzi. Bear na Thomas waliona jina hilo ni finyu, maana mawe mengi yasiyo na mfinyanzi ndani yake yalitoa harufu ileile. Walipitisha mvuke kwenye mawe yaliyokaa kwenye joto na ukavu, wakakusanya mafuta yenye rangi ya manjano, na mafuta hayo ndiyo waliyoyaita petrichor. Shika hapo: maana ya kwanza ni mafuta. Maana ya harufu ndiyo iliyotawala baadaye, nayo ndiyo ya kila siku leo.

Hatua ya 2: Litamke

Herufi ch hapa ni k, kama katika Christ na chorus, si ch ya chai. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza: PE-tri-ko. Waingereza huvuta kidogo o ya mwisho na hawaitamki r, Wamarekani huitamka.

Kosa la msemaji wa Kiswahili linajulikana hata kabla hajafungua mdomo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utataka kusema pe-TRI-ko. Dawa yake ni kuanza na jina Petro, ambalo mkazo wake tayari uko kwenye pe. Sema Petro mara tatu, kisha badilisha o iwe i, kisha ongeza ko mwishoni bila kuhamisha uzito. Ukisikia sauti yako inapanda katikati ya neno, rudia tangu Petro.

Utasikia pia PE-trai-ko. Si kosa, ichor ikiwa peke yake hutamkwa aiko, na baadhi ya kamusi huruhusu sauti hiyo. Chagua moja ukae nayo.

Kwenye tahajia, kosa kubwa ni kuchomeka l: petrichlor. Linatokana na mazoea ya chlorine, na linalifanya neno lisikike kama dawa ya kusafishia choo. Mengine ni petricor bila h na petrichore yenye e mwishoni. Baadhi ya programu za kusahihisha tahajia hulipigia mstari mwekundu hata likiandikwa sawasawa, hivyo usiliamini pendekezo lake kabla hujahesabu herufi: ziko tisa.

Hatua ya 3: Jua harufu yenyewe inatoka wapi

Huwezi kulitumia neno la harufu vizuri bila kujua harufu inaanzia wapi na inaishia lini. Kuna vitu vitatu, na watu huvichanganya.

Cha kwanza ni yale mafuta. Wakati wa kiangazi, mawe na udongo mkavu hunyonya hewani chembe zenye asili ya mimea na kuzihifadhi kwenye vitundu vyake. Kadiri ukavu unavyorefuka ndivyo akiba inavyoongezeka. Mwaka 1965 Bear na Thomas walieleza pia kwamba mafuta haya huchelewesha mbegu kuota.

Cha pili ni geosmin, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wale wa jenasi ya Streptomyces. Jina lake nalo ni la Kigiriki: ardhi na harufu. Pua ya binadamu huikamata hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Wapishi wanaijua bila jina: ndiyo ladha ya udongo kwenye bitiruti, na ndiyo ladha ya tope kwenye kambale au perege aliyefugwa kwenye bwawa lisilotunzwa. Huvunjika kwenye asidi, kwa hiyo anayemlaza kambale kwenye ndimu au siki kabla ya kupika anaipunguza geosmin. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba harufu hiyo huwavuta wadudu wadogo warukao wa udongoni, nao wakishakula hubeba spora, yaani chembe za kuzaliana, za bakteria hao na kuzisambaza.

Cha tatu ni ozoni, na hiki hakimo kabisa ndani ya petrichor. Ni ile harufu kali, kama ya mashine ya fotokopi iliyofanya kazi muda mrefu, inayotangulia mvua ya radi. Umeme wa radi huitengeneza angani na upepo huishusha. Anayesimama mlangoni akasema anasikia petrichor wakati hakuna tone lililoanguka popote, huenda anasikia ozoni. Huenda pia upepo umemletea petrichor halisi kutoka kitongoji cha pili ambako mvua imeshaanza, au unyevu wa hewa umepanda ukaanza kuifukuza harufu kwenye vitundu vya mawe. Ndiyo maana mwandishi mwangalifu husema mvua iko wapi kabla ya kulitumia neno.

Jinsi harufu inavyoruka kutoka chini hadi puani ilionekana mwaka 2015. Youngsoo Joung na Cullen Buie wa chuo cha MIT, Marekani, walipiga picha za kamera ya kasi matone yakianguka kwenye sampuli za udongo na nyuso nyingine, aina 28 kwa jumla. Tone likigusa uso wenye vitundu, hunasa viputo vya hewa chini yake. Viputo hupanda ndani ya tone kama kwenye glasi ya shampeni, hupasuka juu, na kurusha matone madogo mno yaliyobeba harufu. Mvua nyepesi na ya wastani ilirusha mengi kuliko mvua kubwa. Kwa mwandishi hii ni taarifa ya kazi: petrichor inakaa vizuri na manyunyu ya mwanzo, haikai vizuri na gharika.

Jaribio la nyumbani

Anayefundisha neno hili darasani asiishie kwenye ubao. Tafuta vipande viwili vya tofali la kuchoma lililokaa nje muda mrefu, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Kimoja kiweke juani siku tatu au zaidi bila kulowa. Cha pili kitumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha kitoe na kukifuta. Viweke mezani mbali na jiko na mbali na mtu aliyejipaka marashi. Dondoshea kila kimoja matone kama 10 hadi 15 ya maji na usogeze pua umbali wa shubiri moja.

Kipande kikavu kitayanywa maji papo hapo. Ukikitazama kwa karibu utaona viputo vidogo vikitoka, pengine na mchirizo hafifu wa sauti, na harufu itapanda mara moja na kufifia baada ya dakika chache. Kipande kilicholowa kitayaacha maji yateleze. Harufu yake ni dhaifu na nzito, ya unyevu tu. Tofauti kati ya vipande hivyo viwili ndiyo maana ya neno.

Jaribio likikataa, sababu huwa moja kati ya hizi: tofali ni jipya kutoka tanuru na halijapata muda wa kukusanya chochote, kigae kina rangi ya kung'aa iliyoziba vitundu, au kilichotumika ni tofali la saruji, ambalo litanuka saruji. Pakiwa hakuna tofali, mtungi wa udongo uliokauka unafaa. Anayekunywa maji ya mtungini anaijua harufu hii tangu utotoni.

Hatua ya 4: Jiulize maswali matatu kabla ya kuliandika

Je, palikuwa pakavu kabla? Je, maji ndiyo kwanza yanafika? Je, harufu inatoka ardhini au kwenye jiwe? Jibu moja likiwa hapana, tafuta neno lingine.

Umande wa asubuhi kwenye majani unaanguka kwenye swali la tatu. Siku ya nne ya masika inaanguka kwenye la kwanza: udongo umeshashiba, na kinachosikika ni tope na majani yanayooza. Chumba kilichofungwa hadi kikaota kuvu ni musty, na handaki lenye maji ni dank. Lami ya moto iliyonyeshewa ina harufu yake ya mafuta ya lami. Wapo wanaoiita petrichor, lakini anayetaka usahihi ataiacha. Kumwagilia ua wenye vumbi kwa ndoo huleta harufu hiyohiyo kabisa. Mwandishi anaweza kuitumia hapo, ila aonyeshe ndoo, la sivyo msomaji atawaza mvua.

Kwa Afrika Mashariki, wakati wake hasa ni mvua za kwanza za vuli baada ya miezi mikavu ya katikati ya mwaka, na zile za kwanza za masika baada ya jua la Januari na Februari. Huko Unguja au Mombasa, ambako mvua za hapa na pale ni nyingi, nguvu yake si sawa na ya Dodoma au Kitui, ambako ardhi hukaa miezi bila tone.

Hatua ya 5: Liweke kwenye sentensi

Ni nomino isiyohesabika. Halichukui a mbele yake na halina wingi: si a petrichor, si petrichors. Linaweza kusimama peke yake, au kuchukua the pale harufu mahususi imeshatajwa. Sentensi hizi mbili ziko sawa: "Petrichor rose from the yard as the first drops fell." na "The petrichor had gone before we reached the gate." Vitenzi vinavyolifaa ni vya kitu chepesi kinachosafiri: rise, drift, hang, linger, fade. Si kivumishi, kwa hiyo the air was petrichor haisimami. Wala si kitenzi.

Vipi kuhusu the smell of petrichor? Wakali wa lugha huicheka, wakisema ni harufu ya harufu. Wasikilize nusu. Kwa maana ya leo ni kweli maneno yanajirudia, na sentensi hupumua vizuri yakiondolewa. Kwa maana ya mwaka 1964, petrichor ni mafuta, na mafuta yana harufu. Kwako mwenyewe liepuke. Kwa mwenzako usilitilie wino mwekundu.

Mfano wa kuhariri. Hii ni aina ya sentensi inayojaa kwenye insha za sekondari: "The sweet petrichor of the morning dew filled my nostrils as the heavy rain continued to pour." Ihariri kwa mpangilio. Kwanza ondoa umande, hauhusiki. Pili, mvua kubwa inayoendelea imeshaiua harufu. Irudishe nyuma hadi matone ya kwanza. Tatu, ongeza ukavu, kwa sababu bila huo hakuna petrichor. Nne, futa sweet: neno limeshabeba uzuri wake. Tano, filled my nostrils ni msemo uliochoka, tena unamrudisha msomaji puani wakati unataka atoke nje. Kinachobaki: "It had not rained since January. Petrichor came through the window before we heard the first drops on the iron sheets." Sasa msomaji asiyelijua neno atalikisia, maana ukavu, dirisha, matone na bati vimemwambia. Huhitaji kulieleza kwenye sentensi hiyohiyo. Ukiandika petrichor, the smell of rain umelitoa neno na kulifuta papo hapo.

Kiasi: mara moja kwa andiko. Likitokea mara ya pili msomaji huacha kusoma hadithi na kuanza kukutazama wewe. Na usilipange karibu na neno lingine la nadra, hata kama unalo.

Kwenye taarifa ya hali ya hewa, barua ya kazi au ripoti ya mradi wa kilimo halifai. Kwenye makala ya sayansi ya udongo linafaa, ila hapo sema wazi kama una maana ya mafuta au ya harufu.

Hatua ya 6: Lirudishe kwenye Kiswahili

Mtego wa kwanza ni kitenzi. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Petrichor inanukia. Ukiandika ardhi ilinuka, umempeleka msomaji kwenye mfereji wa maji machafu.

Mtego wa pili ni kung'ang'ania nomino kwa nomino. Tuseme sentensi ni "Petrichor drifted in from the fields." Mfasiri mwenye haraka ataandika: Petrikori ilipeperuka kutoka mashambani. Hakuna aliyekosea sarufi, na hakuna atakayeelewa. Kiswahili hapa kinapenda kitenzi: Mashamba yalianza kunukia mvua. Muundo ni uleule wa kusema mtu ananukia marashi, na hauhitaji maelezo.

Ukilazimika kubaki na nomino, harufu ya mvua ndiyo inayosemwa na watu. Ina ulegevu mmoja: hutumika pia kabla ya mvua, wingu likiwa limefunga. Kwa hiyo pale muda unapojali, andika harufu ya ardhi iliyoanza kunyeshewa, au harufu ya vumbi lililopata mvua. Harufu ya udongo uliolowa ni dhaifu kidogo, kwani udongo uliolowa tangu juzi nao umelowa. Kwenye makala ya sayansi tumia petrikori, ngeli ya i-zi, ukiieleza mara moja inapotokea kwanza.

Ukifasiri kwenda Kiingereza, mambo yanageuka. Mhusika akisema "nasikia harufu ya mvua" huku watu wakianua nguo na kutazama wingu, andika the smell of rain, wala usiandike petrichor. Matone yakishagusa vumbi, chagua. Na akiwa bibi wa miaka sabini anayezungumza barazani, usimtie petrichor mdomoni hata kama matone yameanguka. Neno hilo ni la msimulizi.

Kwenye lebo za manukato

Siku hizi utaliona petrichor kwenye chupa za manukato na mishumaa. Bidhaa iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe ni ya zamani kuliko neno: mitti attar ya mji wa Kannauj, jimbo la Uttar Pradesh, India. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa hutiwa kwenye chungu kikubwa cha shaba pamoja na maji, hupashwa moto, na mvuke wake hupitishwa kwenye bomba hadi chombo chenye mafuta ya msandali, ambayo huinasa harufu. Ukifasiri lebo ya bidhaa kama hiyo, usiandike harufu ya mvua peke yake, kwa sababu kinachouzwa ni mafuta. Andika mafuta yenye harufu ya ardhi iliyopata mvua. Na mtengenezaji akiwa ameandika the smell of petrichor kwenye chupa yake, hapo hajajirudia.